Muuguzi aliyejua kila neno na asiielewe sentensi: uchambuzi wa kisa kimoja cha kujifunza nahau na vitenzi vya maneno mawili vya Kiingereza

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinamhusu mwanafunzi wangu mmoja, muuguzi, niliyemfundisha kwa simu ya video kwa wiki 14. Jina lake, hospitali anakofanya kazi na mji wenyewe nimeviacha, na habari za wagonjwa nimezigeuza kiasi cha kutomtambulisha mtu yeyote. Mwenyewe ameusoma uchambuzi huu na ameridhia utumike kuwafundishia wengine. Nimeuandika kwa ajili ya walimu wa Kiingereza wanaofundisha watu wazima, na kwa wote ambao riziki yao inawakutanisha kila siku na wazawa wa lugha hiyo.

Ninaposema vitenzi vya maneno mawili nina maana ya vile ambavyo Waingereza wenyewe huviita *phrasal verbs*: kitenzi chepesi kama *get*, *put* au *come* kinachoshikana na kijineno kama *up*, *off* au *out*, kisha viwili hivyo vikazaa maana ambayo haimo ndani ya kimoja wala ndani ya kingine.

Usuli

Mwanafunzi huyu ni mwanamke wa miaka thelathini na ushei, mzaliwa wa pwani ya Kenya. Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani kwao. Kiingereza alikipata shuleni, akakitumia chuo cha uuguzi, na baadaye akakiandika katika chati za wagonjwa kwa miaka sita, huku wagonjwa wenyewe akisema nao Kiswahili. Jambo hili lina uzito katika yote yanayofuata. Kiingereza chake kilikuwa cha daftari na ripoti, na katika Kiingereza hicho mgonjwa hutapika kwa neno *vomit*, huzirai kwa neno *faint*, na maumivu yake hurejea kwa neno *return*. Mgonjwa wa Kiingereza cha mdomoni hutapika kwa *throw up* au *bring up*, huzirai kwa *pass out*, na chakula kisipokaa tumboni husema *I can't keep anything down*.

Alikwenda Uingereza baada ya mkataba wa wahudumu wa afya ambao serikali ya Kenya na ya Uingereza zilitiliana saini Julai 2021. Kabla ya kuondoka alifanya OET, mtihani wa Kiingereza wa wahudumu wa afya, akapata alama B katika sehemu zote nne. Sehemu ya kuzungumza ya mtihani huo ina maigizo mawili ya takriban dakika tano kila moja, ambapo mtu wa upande wa mtihani huigiza mgonjwa au ndugu yake. Alifaulu kwa haki, na sina shaka na alama zake. Ila mgonjwa wa maigizo ni mzima, amekaa kitini, na anataka aeleweke; mzee aliyezinduliwa na maumivu saa tisa ya usiku hasemi namna hiyo.

Nahau pia alizisoma shuleni. Alijua *raining cats and dogs*, *let the cat out of the bag* na *kick the bucket*, zote kutoka katika orodha za kukariri kwa ajili ya mtihani, kila moja na maana yake pembeni, bila neno lolote kuhusu nani huisema, kwa nani, na wakati gani.

Usiku wenyewe

Ilikuwa wiki yake ya tatu katika wodi ya mifupa, zamu ya usiku. Mzee mmoja aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga alikuwa macho. Muuguzi alipopita kitandani kwake, mzee akamwambia kwa sauti ya chini: *It's wearing off, love.*

Alilisikia *wear*, ambalo alilijua kuwa ni kuvaa. Alilisikia *off*, ambalo alilijua kuwa ni kutoka au kuondoka. Akamtazama mzee, akaona gauni la hospitali limemteremka begani. Akalirudisha vizuri, akamfunika shuka, akatabasamu, akaenda kwa mgonjwa wa pili. Neno *love* lilimshangaza kidogo, kwa kuwa hakuwa amezoea mzee wa rika la babu yake kumwita kipenzi, na mshangao huo ukamla nafasi ya kuwaza yaliyosemwa kabla yake. Katika sehemu nyingi za kaskazini ya Uingereza ni mwito wa kawaida tu, kama vile Mswahili anavyomwita asiyemjua dada au mwanangu.

Mzee alikuwa amemwambia kwamba dawa ya maumivu inamwishia nguvu. Ilipita karibu saa nzima kabla muuguzi mwingine hajamkuta ameshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili, paji la uso limelowa jasho. Akapewa dawa na akatulia, wala hakukuwa na madhara ya kudumu. Lakini asubuhi mzee alimwambia binti yake kwamba alisema, na aliyemwambia akatabasamu na kuondoka. Ndicho kilichomuumiza mwanafunzi wangu kuliko yote. Alinipigia simu siku hiyohiyo kabla ya kulala.

“Mwalimu,” aliniambia, “angesema neno nisilolijua ningemuuliza. Lakini maneno yote nilikuwa nayajua.”

Hatua ya kwanza, na kosa nililolifanya

Nilianza kwa njia niliyokuwa nimeitumia miaka mingi. Nilimtayarishia orodha ya vitenzi 120, vimepangwa kwa kitenzi: kwanza *get* pamoja na vijineno vyake vyote, kisha *put*, kisha *take*, na kuendelea. Uteuzi wenyewe haukuwa mbaya. Orodha nzuri zipo, na mojawapo ni ile ya Mélodie Garnier na Norbert Schmitt iliyochapishwa mwaka 2015, yenye vitenzi 150 vinavyotumika zaidi na maana kuu za kila kimoja. Kosa langu lilikuwa mpangilio na kasi: nilimpa vinane kila siku, ndugu wa tumbo moja wakiwa wamekaa pamoja kwenye ukurasa mmoja.

Alikariri kwa bidii kubwa, hata ndani ya basi akirudi kutoka zamu. Mwisho wa wiki ya tatu nilimpa jaribio, akapata sehemu kubwa mno ya orodha, na sote wawili tukafurahi. Siku chache baadaye daktari aliacha ujumbe wodini kwamba kipimo cha mgonjwa mmoja kimekuwa *put off*. Mwanafunzi wangu akamweleza binti wa mgonjwa kwamba kipimo kimefutwa. Binti akaanza kulia, akaanza kupiga simu nyumbani, mpaka muuguzi mwenzake alipoingilia kati na kueleza kwamba kimeahirishwa tu hadi kesho yake. *Put off* ni kuahirisha, *call off* ni kufuta, na alivikariri vyote viwili kutoka katika orodha ileile.

Nilirudi kwenye karatasi ya jaribio nikayachunguza makosa badala ya alama. Karibu yote yalikuwa ya kubadilishana jirani kwa jirani: *get over* mahali pa *get through*, *take on* mahali pa *take up*. Hakuwa amesahau, bali amechanganya, na mchanganyo huo niliupanda mimi. Nilipaswa kulijua hili, kwa sababu Thomas Tinkham mwaka 1993 na Rob Waring mwaka 1997 walikwisha kuonyesha kwamba maneno yaliyo karibu kimaana yakifundishwa kwa pamoja huwa magumu zaidi kushikwa kuliko yasiyohusiana.

Tulivyobadilisha njia

Tuliiweka orodha kando. Uamuzi wa kwanza ulikuwa kwamba chanzo cha masomo kiwe masikio yake mwenyewe. Alinunua kijitabu cha kuingia mfukoni, na kila aliposikia usemi uliomtatiza, au hata uliompita kwa urahisi wa kutia shaka, aliuandika mara apatapo nafasi pamoja na hali iliyokuwapo. Hakuandika jina, wala namba ya kitanda, wala tarehe, maana siri ya mgonjwa ni amana hata katika somo la lugha. Nakumbuka ukurasa wa kwanza alionionyesha kwenye kamera: *came over all funny*, mama mzee, alipojaribu kusimama. Ni kusema kwamba ghafla alijisikia vibaya, kizunguzungu au kichefuchefu. Hakuna orodha ya shule ingempa huo, na kwa muuguzi ni usemi wa kumfanya ashike mkono wa mgonjwa kabla hajaanguka.

Pili, tulipanga kwa mahali pa tukio, tukaacha kupanga kwa kitenzi. Wiki moja ilikuwa ya mwili unaposumbua, nyingine ya dawa, nyingine ya mgonjwa kugeuzwa na kunyanyuliwa, nyingine ya mambo ya zamu kama vile *hand over*, kukabidhi, na *cover for*, kumshikia mwenzako nafasi. Tulichukua nane kwa wiki badala ya kwa siku, na hapakuingia viwili vyenye kitenzi kimoja katika wiki moja.

Tatu, nilimpitisha katika Kiswahili chake. Nilimuuliza maana ya *piga*. Akajibu, kumchapa mtu. Nikamuuliza: je, anayepiga pasi, anayepiga simu, anayepiga kura, anayepiga magoti na anayepiga hodi, amemchapa nani? Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba hakuwahi kuliona jambo hilo. Tangu utotoni amekuwa akitumia lugha yenye kitenzi kinachoacha maana yake nyumbani kikishatoka na mwenzake.

Tukaenda mbele zaidi kwa vitenzi vya kutendua: *vaa* na *vua*, *choma* na *chomoa*, *pakia* na *pakua*, *kunja* na *kunjua*. Mswahili hutia mwelekeo wa tendo ndani ya mwisho wa kitenzi; Mwingereza huutoa nje na kuusimamisha kama kijineno. *Vaa* ni *put on* na *vua* ni *take off*. Alipolishika hilo aliacha kukiona kijineno kama takataka iliyobaki baada ya kitenzi, akaanza kukisikiliza kama anavyosikiliza mwisho wa *chomoa*.

Kutoka hapo tulikaa na *off* wiki nzima. Dawa inayokwisha nguvu, *wear off*. Anayesinzia, *nod off*. Aliyeachishwa dawa, *come off*. Asiyetamani chakula tena, *gone off my food*. Zote zina kitu kinachoachana na kingine. Lakini mashine ya dripu nayo *has gone off*, na hapo maana yake ni kwamba imelia, wala si kwamba imezimika. Nilimtahadharisha mapema, kwa sababu aliyeshika kanuni ya kuachana atadhani mashine imezimika, na katika wodi tofauti ya kulia na kuzimika ni kubwa. Kanuni ya kijineno hubeba vingi, lakini vinavyobaki nje yake ni vya kujulikana kimoja kimoja.

Nne, sikio. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na sikio la Mswahili huuvizia hapo. Katika *wearing off* au *passed out*, kijineno cha mwisho ndicho kinachotamkwa kwa nguvu, tena kimegandana na kitenzi hata huoni pa kuvitenga. Nilimrekodia sentensi fupi nyingi kwenye simu, naye akazisikiliza akigonga meza kwa kidole kila kijineno kilipofika. Baada ya wiki mbili alianza kukigonga hata katika sentensi ambazo maana yake hakuijua, na hilo ndilo nililolitaka: awe na uwezo wa kushuku kabla ya kuwa na uwezo wa kufasiri.

Tano ilikuwa sentensi moja ya kuuliza, aliyoifanyia mazoezi hadi ikamtoka bila kufikiri: *When you say it's wearing off, do you mean the pain is coming back?* Yaani, unaposema hivyo, una maana kwamba maumivu yanarudi? Anaurudia usemi wa mgonjwa jinsi ulivyo, kisha anauweka kwa maneno yake mwenyewe. Kabla ya hapo alikuwa akiitikia kwa kichwa. Alinieleza kwamba alikotoka, kumwambia mzee arudie aliyoyasema ni kama kumwambia hukumsikiliza, na tena aliogopa wenzake wasiseme kwamba Kiingereza hakijui. Sentensi hii ilimtoa katika yote mawili, kwa kuwa anayeirudia kauli ya mzee amedhihirisha kwamba alimsikiliza.

Nahau, na neno lisilofaa kusemwa

Kwa nahau tulikuwa na utaratibu mwingine: kijitabu kilikuwa na safu ya kusikia na safu ya kusema, na nahau karibu zote ziliingia safu ya kusikia peke yake. Sababu ilikuwa tukio la mwezi wake wa kwanza. Wakati wa makabidhiano ya asubuhi alisema kwamba mgonjwa wa chumba cha pembeni *kicked the bucket*. Wenzake walinyamaza, na mmoja akashusha macho. Shuleni aliambiwa maana yake ni kufa, na kweli maana yake ni kufa. Hakuambiwa kwamba ni usemi wa mzaha, na kwamba kuusema juu ya maiti ya mtu aliyeuguzwa usiku kucha ni sawa na kumwambia mfiwa wa Kiswahili kwamba baba yake amekata kamba. Alichokihitaji ni *passed away*, ambayo ni kama kusema amefariki, au *died*, ambalo ni neno la wazi lisilo na ukosefu wa adabu ndani yake.

Nyingi alizozikuta wodini zilikuwa za wazee. *Spend a penny* ni kwenda haja, na asili yake ni sarafu iliyotumbukizwa mlangoni zamani ili choo cha umma kifunguke. *Under the weather* ni kutojisikia vizuri. *On the mend* ni kupata nafuu. *Touch and go* ni hali ya mgonjwa ambayo haijulikani itaangukia upande gani, na hii ilimlazimu aielewe mara moja, kwa kuwa aliisikia ikisemwa kuhusu mgonjwa ambaye familia yake ilikuwa njiani. Bibi mmoja aliposema *I could murder a cup of tea*, alishtuka kwa neno la kuua, akauliza kwa sentensi yake, akaambiwa ni hamu kubwa ya chai. Akampelekea.

Matokeo

Kufikia wiki ya 14 kijitabu kilikuwa na semi zaidi ya themanini, zote alizozisikia mwenyewe. Nilipomsomea sentensi zenye semi hizo bila kumpa taarifa na bila mpangilio, alizielewa nyingi sana kwa mara ya kwanza, na makosa ya kubadilishana jirani kwa jirani yalikuwa yamekaribia kwisha. Katika kusema alitumia chache, labda thelathini, na tulikubaliana kwamba zinamtosha kwa sasa. Ile orodha ya mwanzo nilipomjaribu tena, vingi vilikuwa vimeshapotea, isipokuwa vile alivyobahatika kuvisikia wodini.

Kisarufi alibakiwa na tatizo moja: aliendelea kusema *take off it* mahali pa *take it off*. Kiwakilishi ni lazima kikae katikati ya kitenzi na kijineno chake katika vitenzi vinavyotengana. Alieleweka hata hivyo, na sikulisimamia sana.

Kuhusu mzee wa nyonga, mwanafunzi wangu alimwendea usiku uliofuata tukio, akamwomba radhi na kumweleza kwamba hakuuelewa usemi wake. Mzee akamfundisha mwingine palepale, *it's playing up*, yaani nyonga inamsumbua. Ni usemi wa kwanza aliouandika kabla hata hajanunua kijitabu, nyuma ya risiti ya duka.

Uchambuzi

Kiini cha kisa hiki kimo katika kauli yake ya simu: maneno yote alikuwa anayajua. Neno geni hujitangaza. Likikupita unajua kwamba limekupita, na unaweza kuuliza au kutafuta kamusi. Usemi uliofumwa kwa maneno mepesi haujitangazi. Unaingia kwa sura ya kitu kinachojulikana, akili inaunda maana haraka kutokana na vilivyopo, gauni lililoteremka begani kwa mfano, na msikilizaji anaondoka akiwa na hakika. Kwa hiyo tatizo la mwanafunzi aliyefika mbali si upungufu wa maneno bali ni hakika isiyo na msingi, na mwalimu anayelitibu kwa orodha anatibu ugonjwa mwingine. Ndiyo maana ninaliona zoezi la kugonga meza na sentensi ya kuuliza kuwa vilifanya kazi kubwa kuliko semi zenyewe.

Kuvikwepa vitenzi hivi nako kulichangia. Mwaka 1985 Menachem Dagut na Batia Laufer walionyesha kwamba wasemaji wa Kiebrania, lugha isiyo na vitenzi vya aina hii, hupendelea kitenzi cha neno moja wanapoweza kuchagua. Msemaji wa Kiswahili yuko hapohapo, tena shule zetu zimemzoesha kuona *postpone* ni Kiingereza safi na *put off* ni cha barabarani. Katika kuandika ripoti, chaguo hilo halina dhara. Katika kusikiliza huchagui wewe, anachagua mgonjwa.

Njia ya kupitia *piga* na *chomoa* ilifaa kwa kufungua macho, lakini ina mpaka wake na sitaki mwalimu mwenzangu aivushe. Haimwambii mwanafunzi maana ya usemi wowote. Inamwondolea tu wazo kwamba Waingereza wanavuruga lugha kwa makusudi, na mtu aliyeondokewa na wazo hilo hujifunza bila kinyongo.

Nililokosea zaidi, hata kuliko orodha, ni kuchelewesha sentensi ya kuuliza hadi wiki ya tano. Haihitaji msamiati mpya, hufundishika kwa nusu saa, na ingekuwapo tangu siku ya simu yake ya kwanza, yule binti asingelia kwa ajili ya kipimo ambacho hakikufutwa: muuguzi angemuuliza aliyepokea ujumbe kama maana yake ni kesho au ni kamwe.

Yaliyobaki

Simu bado inamshinda. Kitandani kuna uso, kuna mkono unaoshika tumbo, kuna jasho. Kwenye simu ya wodi kuna sauti peke yake, mara nyingi ya ndugu mwenye hofu anayesema haraka kwa lafudhi ya kwao. Sasa tunafanya mazoezi kamera ikiwa imezimwa, nami nikisema kama mtoto wa mgonjwa anayepiga kutoka mbali, na kila ninapomtupia usemi mpya anaurudisha kwangu na swali lake mkiani.